Je, wajua? Pambo la sebuleni linalochunguzwa kama dawa

Ukishuka Makambako, pale barabara ya Tanzam inapoachana na ile ya Njombe na Songea, ukaingia mapokezi ya nyumba ya wageni, si ajabu kukuta chungu chenye mmea wa kijani kibichi unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Vijani vyake vinene vimepangana pande mbili za shina lililonona upande wa chini. Wengi hudhani umetoka Ulaya pamoja na masofa. Kumbe ni mzawa wa huku huku: huota wenyewe porini kuanzia Kenya, kupitia Tanzania na Malawi, hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini.

Wataalamu wanauita Zamioculcas zamiifolia, wafanyabiashara ZZ. Wazungu waliuandika vitabuni tangu 1829, lakini haukuwa bidhaa kubwa hadi bustani za Uholanzi zilipoanza kuuzalisha kwa wingi mwaka 1996. Ni mmea wa nyanda za joto, ndiyo maana huko Njombe, kwenye baridi kali ya Juni na Julai, hukaa ndani na watu.

Uvumilivu wake ndio uliompa mwenye nyumba mvivu rafiki. Majani yake yana maji kwa asilimia 91, na vikonyo asilimia 95. Chini ya udongo kuna viazi vinavyohifadhi maji. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba mmea huu unaweza kuvuta hewa ya kaboni usiku, kama ifanyavyo mimea mingi ya jangwani, ili usipoteze maji mchana. Ndani ya nyumba, hata kwenye mwanga hafifu, unaweza kukaa miezi minne bila kumwagiliwa. Chomeka kijani kimoja tu udongoni na baada ya miezi kadhaa kitakuwa kimeota kiazi chake.

Lakini kabla haujawa pambo, ulikuwa dawa. Katika milima ya Usambara Mashariki, na huko wilaya ya Mulanje nchini Malawi, maji ya majani yake yametumiwa kutibu maumivu ya sikio. Wasukuma wameweka mizizi yake juu ya vidonda. Kwingine nchini Tanzania, mmea umepondwa na kubandikwa kwa ajili ya uvimbe uitwao mshipa. Kwamba watu walioishi mbali hivyo waliutumia mmea mmoja ni sababu tosha ya kuuchunguza, ingawa si ushahidi kwamba unaponya.

Uchunguzi ulifanyika Norway. Mwaka 2015, wanakemia wa Chuo Kikuu cha Bergen walichapisha matokeo ya kwanza ya kuchambua viambato vyake. Walikuta flavonoidi, kundi la kemikali ambazo mimea mingi hutengeneza, mojawapo ikiwa ya aina ambayo haikuwa imeelezwa kabla. Kisha wakapima sumu kwa njia rahisi: vikamba vidogo vya maji chumvi, Artemia, huanguliwa kutoka kwenye mayai makavu, huwekwa kwenye maji yenye dondoo la mmea, kisha huhesabiwa wangapi wamekufa. Hata dondoo lilipofika miligramu moja kwa mililita, halikuwaua. Watafiti walidokeza kwamba huenda hata liliwasaidia.

Hapa ndipo moyo unapotaka kuruka, na hapa ndipo inafaa kuushika. Kikamba kisichokufa hakijatibiwa ugonjwa wowote, na kikamba si mtu. Isitoshe, mmea huu una fuwele za kalsiamu oksaleti, zinazowasha midomo na ngozi. Usimwekee mtoto maji yake sikioni kwa kusoma makala haya; akiumwa sikio, mpeleke zahanati.

Hata hivyo, pambo kugeuka dawa si ndoto. Vinka, lile ua la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska, limepandwa kwenye bustani nyingi. Katika miaka ya 1950, majani yake yalifika Kanada kutoka Jamaika, ambako chai yake ilinywewa kutibu kisukari. Mtafiti Robert Noble alipowachoma panya sindano ya dondoo lake, sukari haikushuka. Zilizopungua ni chembe nyeupe za damu. Yeye na mwenzake Charles Beer wakatenga vinblastini, dawa ya saratani, wakaitangaza mwaka 1958. Ndugu yake, vinkristini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1963, na baadaye ikatumika katika hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto wenye saratani ya Burkitt, ile inayovimbisha taya. Jani lililotafutwa kwa kisukari likaja kuwa tiba ya saratani, baada ya miaka ya kupima panya, kipimo cha dawa na wagonjwa.

ZZ bado haijafika hata robo ya safari hiyo. Kinachofuata kinaeleweka: kujaribu dondoo la majani dhidi ya bakteria wanaosababisha usaha wa sikio, na la mizizi dhidi ya wale wa vidonda, kisha kupima kama flavonoidi zile ndizo zinazofanya kazi. Taasisi ya tiba asilia ya Muhimbili imekuwa ikichunguza mimea ya Tanzania kwa miongo kadhaa, na kipimo cha vikamba si kigeni kwake. Kwa mmea huu, malighafi ipo madirishani.