Kutoka Bunia hata Entebbe: Saa Moja au Saa Mbili?

Msafiri atazamaye saa za ukutani tu ataona ajabu: ndege kutoka Bunia hata Entebbe huchukua saa mbili, na kurudi haichukui hata dakika moja! Je, ndege huchoka ikielekea mashariki? La. Tupime wenyewe.

Entebbe iko kusini ya Bunia kwa digrii moja na nusu hivi, na mashariki kwa digrii mbili na robo. Karibu na ikweta kila digrii ni kilomita 111. Basi ni kilomita 167 kwenda kusini, na 250 kwenda mashariki. Mwanafunzi ajuaye kanuni ya Pythagoras atapata mara moja njia iliyonyoka: kilomita 300. Ndege ndogo kama Cessna Caravan huenda karibu kilomita 300 kwa saa. Huvuka Ziwa Albert upande wa kusini, hupita juu ya vilima vya Bunyoro, na kutua baada ya saa moja hivi. Mawingu ya mvua yakiziba njia, rubani huyazunguka, na dakika huongezeka.

Basi ile saa ya pili yatoka wapi? Dunia hugeuka digrii 15 kila saa. Bunia iko karibu kabisa na digrii 30 mashariki, na saa yake imeitangulia ya Greenwich kwa saa 2: yapatana na jua. Uganda, pamoja na Kenya na Tanzania, hufuata saa ya digrii 45, yaani saa 3 mbele ya Greenwich. Kwa jua, Entebbe yaitangulia Bunia kwa dakika 9 tu. Kwa amri ya serikali, kwa dakika 60.

Jambo hili si mchezo. Mgonjwa aendaye kutibiwa Nairobi ameondoka Bunia saa nne asubuhi. Atua Entebbe, na saa yake ya mkononi yaonyesha saa tano. Ndege ya pili itaondoka saa saba. Ajiona ana saa mbili, akaketi apumzike. Kumbe kiwanjani ni saa sita kamili, na mahali pa kupokea mizigo hufungwa mapema kabla ya ndege kuondoka. Hivyo fedha iliyochangwa na ukoo mzima yaweza kupotea kwa mshale mmoja wa saa.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mnapomsindikiza msafiri, mfundisheni hivi: saa iliyoandikwa katika tiketi ni ya mahali ndege inapoondokea au inapotua, si ya nyumbani. Akivuka ziwa kwenda Uganda, asogeze saa yake mbele kwa saa moja. Akirudi, airudishe nyuma. Tena asihesabu angani tu, bali tangu mlangoni kwake: njia ya kiwanjani, ukaguzi wa pasipoti, kungojea mizigo. Ndege ni ya haraka, lakini haimngoji aliyekosea hesabu.