Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Mullinalaghta

Katikati ya nchi ya Ireland, kaskazini ya jimbo la Longford, liko ziwa liitwalo Gowna, ambalo maana ya jina lake kwa lugha ya asili ya Kiairishi ni ziwa la ndama; na kando ya ziwa hilo, baina ya vilima vya malisho, kipo kijiji cha Mullinalaghta, ambacho watu wake hawatimii mia tano. Mpaka wa majimbo umeikata parokia yao vipande viwili: upande wa Gowna umeangukia Cavan, katika mkoa wa Ulster, na upande wa Mullinalaghta umebaki Longford, katika mkoa wa Leinster. Kila upande una klabu yake ya mpira, hata klabu ya Mtakatifu Columba wa Mullinalaghta ikawa haina pa kupata wachezaji ila katika nusu ya parokia.

Mchezo wao ni kandanda ya Kigaeli, na msomaji aliyezoea soka hana budi kuelezwa sura yake. Kila upande una watu kumi na watano, na mikono imeruhusiwa. Mchezaji huudaka mpira akakimbia nao hatua nne, kisha sharti audundishe chini, au auangushe juu ya mguu wake na kuurudisha mikononi kwa ncha ya kiatu. Na aliye stadi hufanya hayo mbio mbio, huku macho yake yakiwatafuta wenziwe. Milingoti ya goli imepanda juu kupita mwamba, mfano wa herufi H: kwa kanuni za mwaka 2018, mpira ukipita juu ya mwamba ulihesabiwa pointi moja, na ukiingia wavuni ni goli, ambalo thamani yake ni pointi tatu.

Chama kinachousimamia mchezo huu kiliasisiwa na Michael Cusack na wenziwe katika mji wa Thurles, tarehe 1 Novemba 1884, zama ambazo Ireland ilikuwa chini ya Uingereza, kwa nia ya kuihuisha michezo ya asili isipotee. Tangu hapo misingi miwili imedumu: ya kwanza, mchezaji halipwi mshahara; ya pili, aghalabu huichezea klabu ya mahali alipozaliwa na kulelewa. Yeye ni mkulima, mwalimu au fundi, naye huja mazoezini jioni baada ya kazi. Na aliyehamia Dublin kutafuta riziki hufunga safari kurudi kwao, kwa kuwa jezi yake iko huko.

Kwa kijiji kidogo, msingi huo wa pili ni mtihani mzito, maana wasipozaliwa wachezaji, hawanunuliki. Mullinalaghta walitwaa ubingwa wa Longford mwaka 1948 na mwaka 1950, kisha wakangoja miaka 66. Wajukuu walikuwa watu wazima kombe liliporudi mwaka 2016. Likabaki mwaka 2017, na mwaka 2018 pia.

Tarehe 9 Desemba 2018, mjini Tullamore, wakiwa mabingwa wa jimbo lao, wakaingia fainali ya klabu za mkoa wa Leinster kukabiliana na Kilmacud Crokes wa Dublin, klabu yenye maelfu ya wanachama, iliyokwisha kuwa bingwa wa Ireland nzima mara mbili. Hapakuwa na klabu yoyote ya Longford iliyopata kulichukua kombe lile. Saa ya mchezo ilipokuwa ukingoni, Mullinalaghta walipewa penalti. Gary Rogers akauweka mpira, akaupiga, ukatinga wavuni. Filimbi ya mwisho ilipolia, Kilmacud walikuwa na pointi kumi, na Mullinalaghta walikuwa na goli moja na pointi nane, yaani kumi na moja. Pasipo mkwaju ule mmoja, nane zisingezishinda kumi asilani.

Safari yao ilikatizwa katika nusu fainali ya Ireland, mbele ya Dr Crokes wa Kerry, wala hilo halikuupunguza utukufu wao. Wahenga wetu walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Vijana wa Mullinalaghta hawakutunzwa fedha. Tunzo yao ni kwamba kila aliyewashangilia huko Tullamore alimjua mchezaji kwa jina la baba yake na la babu yake, na wazee waliokiona kikombe cha 1950 utotoni waliwatambua uwanjani wana wa jirani zao. Heshima ya namna hiyo haipati ila yule aliyekubali kubaki mtu wa kwao.