Northland Center: Historia ya Kituo cha Maduka katika Viunga vya Detroit, 1954–2015

Mnamo tarehe 22 Machi 1954, huko Southfield, kaskazini-magharibi mwa jiji la Detroit nchini Marekani, kulifunguliwa kituo cha maduka kilichoitwa Northland Center. Mwenye mradi alikuwa kampuni ya J. L. Hudson, ambayo duka lake la ghorofa nyingi katika barabara ya Woodward, katikati ya Detroit, lilikuwa miongoni mwa maduka makubwa kabisa nchini humo. Msanifu wake alikuwa Victor Gruen, mzaliwa wa Vienna aliyeikimbia Austria mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa nchi hiyo. Wakati huo Northland ilihesabiwa kuwa kituo kikubwa kuliko vyote vya aina yake. Miaka 61 baadaye milango yake ilifungwa kwa uamuzi wa mahakama. Makala haya yanaeleza namna kituo hicho kilivyoinuka na kudhoofika, na yanahoji maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuanguka kwake.

Istilahi kituo cha maduka inatumika hapa kwa maana ya maduka mengi yaliyojengwa pamoja katika ardhi ya mmiliki mmoja, ambaye ndiye anayeamua nani apangishwe na kwa masharti gani. Umiliki huo ndio unaokitofautisha na mtaa wa biashara kama Kariakoo, Dar es Salaam, ambako majengo yana wenyewe tofauti na mmoja akifilisika jirani huendelea kuuza. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo itakayoeleza kwa nini Northland ilipoanguka ilianguka yote kwa pamoja.

Kupanda kwa Northland kulitokana na kuhama kwa watu. Sensa ya mwaka 1950 iliihesabia Detroit wakazi 1,849,568, idadi ambayo jiji hilo halijaifikia tena. Baada ya hapo wakazi weupe walianza kuhamia viunga vilivyo nje ya barabara ya 8 Mile, mpaka wa kaskazini wa jiji. Barabara kuu mpya ziliwarahisishia safari, na mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali kuu iliwarahisishia ununuzi. Mikopo hiyo kwa sehemu kubwa iliwapita Wamarekani weusi, kwa kuwa taratibu za wadhamini zenyewe ziliitia alama ya hatari mitaa waliyokaa. Kwa hiyo kampuni ya Hudson iliwafuata wateja wake, lakini wateja waliokuwa wameruhusiwa kuhama.

Katika historia ya biashara za viungani, mwanahistoria Thomas Hanchett amesisitiza mabadiliko ya sheria ya kodi ya mwaka 1954, yaliyowawezesha wawekezaji kukata gharama za uchakavu wa majengo mapya kwa kasi na hivyo kupunguza kodi yao. Hoja hiyo ina uzito kwa wimbi la vituo vilivyofuata. Hata hivyo, haiwezi kueleza kuzaliwa kwa Northland, kwani kituo hiki kilifunguliwa miezi kadhaa kabla ya sheria hiyo kupitishwa.

Ramani ya Gruen inastahili kuangaliwa kwa makini. Duka la Hudson liliwekwa katikati, nalo likazungukwa na majengo mafupi yaliyoachiana nafasi za bustani, chemchemi na sanamu. Magari yaliachwa nje, na mizigo ilipitishwa katika njia ya chini ya ardhi ili isikutane na waenda kwa miguu. Miongoni mwa sanamu hizo ilikuwamo ya mvulana na dubu, kazi ya Marshall Fredericks, ambayo watoto wa vizazi kadhaa waliizoea. Gruen hakukusudia maduka peke yake. Aliamini kuwa watu wa viungani, waliokuwa wakiishi ndani ya magari na nyuma ya nyasi zao, walihitaji uwanja wa kukutana kama ule alioukulia Vienna, na kwamba makazi na ofisi vingeuzunguka. Wawekezaji walichukua maduka na maegesho, wakaacha mengine. Katika miaka yake ya mwisho Gruen aliwakana hadharani.

Ushindani haukukawia. Mwaka 1956 Gruen huyohuyo alikamilisha Southdale, karibu na Minneapolis, kituo kilichofunikwa paa na kudhibitiwa joto. Northland nayo ilifunikwa katikati ya miaka ya 1970, na bustani zake za wazi zikatoweka. Wakati huohuo vituo vipya vilichipuka mbali zaidi: Fairlane huko Dearborn na Lakeside huko Sterling Heights mwaka 1976, kisha Twelve Oaks huko Novi mwaka 1977. Hudson yenyewe ilifungua matawi Lakeside na Twelve Oaks. Duka mama la barabara ya Woodward lilifungwa mwaka 1983 na kubomolewa mwaka 1998. Sasa zamu ilikuwa ya Northland kupokonywa wateja na ndugu zake.

Maelezo yanayosikika mara nyingi ni kwamba Northland iliuawa na uhalifu na kubadilika kwa wakazi. Ni kweli kwamba kufikia sensa ya mwaka 2000 zaidi ya nusu ya wakazi wa Southfield walikuwa weusi. Lakini wengi wao walikuwa watu wa tabaka la kati, waliohama Detroit kwa sababu zilezile zilizowahamisha weupe kabla yao: shule, usalama na nyumba nzuri. Kusema kwamba kuwasili kwao ndiko kulikofukarisha kituo ni kugeuza mfuatano wa sababu. Jambo la kutazama ni hili: idadi ya watu katika eneo zima la Detroit na viunga vyake haikuongezeka kati ya 1970 na 2010, ilhali maduka yaliendelea kujengwa. Wateja walewale waligawanywa kwa vituo vingi zaidi, na kila kipya kiliwekwa karibu na wenye fedha waliohama mara ya pili. Ubaguzi upo katika historia hii, ila upo katika uchaguzi wa mahali pa kujenga.

Hapo ndipo umiliki mmoja unapoonyesha udhaifu wake. Kituo cha namna hii hutegemea maduka makubwa machache yanayovuta watu, ambayo kwa kawaida hupewa pango nafuu. Wapangaji wadogo ndio hulipa zaidi, wakitarajia wapita njia. Mara nyingi mikataba yao huwaruhusu kupunguziwa pango au kuondoka iwapo duka kubwa litafungwa. JCPenney iliondoka mwaka 2000. Duka la Hudson likabadilishwa jina kuwa Marshall Field's mwaka 2001, kisha Macy's mwaka 2006. Mmiliki aliposhindwa kulipa deni, mwaka 2014 mahakama iliteua msimamizi. Mwanzoni mwa 2015 Target na Macy's zikafunga, na wapangaji waliobaki, wengi wao wafanyabiashara wadogo wa eneo hilo, wakapewa notisi ya wiki chache.

Mji wa Southfield ulikinunua kituo hicho mwaka uleule wa 2015, kwa hofu kwamba eneo kubwa tupu lingeshusha thamani ya majirani. Ubomoaji ulianza mwaka 2017. Jengo la Hudson liliachwa ili ligeuzwe makazi, na mpango uliofuata uliweka nyumba, ofisi na maduka pamoja, takribani kama Gruen alivyotaka. Mvulana na dubu wake wako katika maktaba ya mji.