Lubumbashi: Rekodi moja ya DNS inavyozuia barua pepe za makampuni

Kampuni ya Lubumbashi inaweza kuwa na seva yake ya barua pepe na jina lake la .cd, lakini ujumbe wake ukakataliwa na Gmail au ukaangukia kwenye spamu. Mara nyingi chanzo ni kimoja: namba ya IP ya seva haina rekodi ya DNS ya kinyume, inayoitwa PTR.

Katika mji unaoishi kwa shaba na kobalti, hasara yake si ndogo. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inatenga kazi za sous-traitance kwa makampuni ambayo mtaji wake mwingi uko mikononi mwa Wakongomani. Ofa ya bei ikitumwa kwa barua pepe na isionekane kabla ya siku ya mwisho, ni kama haikutumwa.

DNS ya kawaida hupokea jina na kutoa namba. Ile ya kinyume hupokea namba na kutoa jina. Seva inayopokea barua huuliza: namba hii ina jina gani, na je, jina hilo linarudi kwenye namba ile ile? Kompyuta zilizotekwa na watuma spamu mara nyingi hushindwa jaribio hilo. Tangu Februari 2024, Google inadai rekodi hizo kwa kila seva inayotuma barua kwa Gmail.

Wapi pa kuomba

Wengi huitafuta PTR kwa aliyewauzia jina la intaneti. Hapo hawaipati. Rekodi hiyo iko chini ya mwenye namba, yaani mtoa huduma wa intaneti, ambaye kwa kawaida amepata namba zake kutoka AFRINIC, shirika la namba za IP za Afrika lenye makao Mauritius.

Kwanza kampuni iombe namba ya IP ya umma isiyobadilika. Pili, itengeneze rekodi ya A, kwa mfano mail.mfano.cd, inayoelekea namba hiyo. Tatu, imwandikie mtoa huduma ikitaja namba na jina kamili. Yeye ataandika namba kinyume: 192.0.2.25 inakuwa 25.2.0.192.in-addr.arpa. Nne, seva yenyewe ijitambulishe kwa jina hilo hilo. Baada ya saa kadhaa, amri ya dig -x, au nslookup kwenye Windows, itaonyesha kama kazi imekamilika.

Mtoa huduma akishindwa, njia nyingine ni kukodi seva mahali ambapo mteja anajiwekea PTR mwenyewe, au kupitisha barua kwa kampuni inayosambaza barua pepe.

PTR peke yake haitoshi: SPF au DKIM inahitajika pia, na zote mbili pamoja na DMARC kwa wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku. Kampuni inayobadilisha mtoa huduma ikumbuke kwamba namba ya zamani inabaki kwa mwenyewe, na PTR yake pia. Ombi jipya lipelekwe kabla ya kuhama.