Mizimu ya Manila na Penang: Ni nani anayefaidika na woga?

Wazazi wametuletea swali. Vijana wetu wanatazama kwenye telefone filme ya katuni kutoka Ufilipino iliyojaa mizimu, na wazazi wanataka tuseme kama ni dhambi. Kabla ya kujibu tulifanya jambo ambalo sisi wachungaji hatulifanyi mara nyingi. Tulikaa na vijana, tukaitazama.

Filme hiyo inaitwa Trese. Ilianza kama vitabu vya picha mwaka 2005, Budjette Tan akiandika na Kajo Baldisimo akichora. Mwaka 2021 Netflix iliitoa kama filme ya vipande. Alexandra Trese ni mwanamke mpelelezi katika mji wa Manila, na polisi wakikutana na kesi inayowashinda akili wanamwita yeye. Mizimu iliyomo haikubuniwa na watu hao wawili. Aswang, ambaye mchana ni jirani kama jirani wengine na usiku anakula watu, ni habari ya zamani sana huko. Ndivyo alivyo pia tikbalang mwenye kichwa cha farasi, na yule Bibi Mweupe ambaye watu wa Quezon City wanasema anaonekana usiku kwenye barabara ya Balete. Kilicho kipya ni mahali. Tikbalang ametoka msituni, sasa anashindana mbio za magari mjini.

Katika kesi ya kwanza anayekutwa ameuawa ni Bibi Mweupe mwenyewe. Vijana walicheka: mzimu unauawa namna gani? Trese hasumbuki na swali hilo. Anatafuta ni nani aliyefanya, na alitaka kupata nini. Kadiri hadithi inavyoendelea, tunaona nyuma ya mapepo yuko binadamu hai, mwenye cheo.

Kitabu cha Zen Cho, mwandishi wa Malaysia, kinakwenda njia hiyohiyo. Kinaitwa Black Water Sister, kilitoka mwaka 2021. Msichana Jess anarudi Penang na wazazi wake kutoka Marekani, anaanza kusikia kichwani sauti ya bibi yake aliyekufa. Bibi huyo alikuwa chombo cha mungu wa kike wa hekalu dogo, na sasa tajiri mmoja anataka kiwanja cha hekalu hilo ajenge majumba. Biblia inakataza kuuliza wafu, nasi hatupunguzi neno hilo hata kidogo. Lakini msomaji anayeishia kwenye mzimu tu atakuwa amepitwa na habari ya kiwanja, na habari ya mungu huyo mwenyewe, ambaye zamani alikuwa mwanamke aliyeuawa kikatili.

Mizimu mingi ya upande ule ni wanawake waliokufa vibaya. Pontianak wa Wamalay ni mama aliyekufa katika uzazi. (Mji wa Pontianak huko Indonesia una jina hilo, na wenyeji wanasimulia kwamba mwanzilishi wake alipiga mizinga kuwafukuza mizimu hao.) Sisi tuliozika wamama waliokufa katika kujifungua, njiani kuelekea hospitali, hatukuweza kucheka tuliposoma hayo.

Tena kuna habari isiyo ya hadithi. Katika miaka ya 1950, serikali ya Ufilipino ilipigana na waasi walioitwa Huk. Edward Lansdale, ofisa wa Marekani aliyeisaidia, aliandika mwenyewe baadaye jinsi walivyofanya. Walieneza uvumi kwamba aswang anakaa kwenye kilima walipopiga kambi waasi. Kisha wakamkamata mmoja wao usiku, wakamtoboa shingo matundu mawili, wakamning'iniza mpaka damu ikaisha, wakairudisha maiti njiani. Wenzake walipoiona, walihama kilima. Waliokuja usiku ule walikuwa askari.

Tulipowasomea vijana habari hiyo, walinyamaza. Kisha mmoja akataja mama mzee wa mtaa wao, mjane, aliyeitwa mchawi baada ya mtoto wa jirani kufa kwa homa. Alifukuzwa. Tulikwenda kuombea familia ya mtoto, wala hatukuuliza mama yule amelala wapi. Kijana aliuliza: «Mchungaji, kiwanja chake kiko na nani sasa?» Tulikuwa hatujajiuliza. Wiki iliyofuata tulikwenda na wazee wawili wa kanisa, tukakuta ukuta mpya wa matofali. Mama tulimpata kwa binti ya dada yake, mbali na mjini. Kesi iko kwa chefu wa mtaa, bado haijakatwa.

Kwa hiyo jibu letu kwa wazazi ni hili: hatuwakatazi vijana. Jumamosi tutatazama kipande cha pili pamoja nao, na wazazi wanaalikwa. Watoto wadogo wabaki nyumbani, kwa sababu damu ni nyingi.