Kuzalisha Azola Nyumbani

Leo tuzungumze juu ya azola, mmea mdogo unaoelea juu ya maji. Unaweza kuuzalisha nyuma ya nyumba yako ukawalisha kuku, bata na samaki.

Ndani ya majani ya azola huishi viumbe vidogo sana ambavyo huvuta naitrojeni kutoka hewani. Ndiyo maana ina protini nyingi. Lakini azola mbichi ni maji zaidi ya sehemu tisa kwa kumi. Kwa hiyo usiwape kuku azola peke yake. Wachanganyie na pumba.

Haya, tuanze kazi. Chagua mahali penye kivuli chepesi. Chimba shimo la mita 2 kwa mita 2, kina sentimita 20. Sawazisha chini, ondoa mawe na mizizi, kisha tandika karatasi ya nailoni isiyovuja. Mwaga kilo 10 hadi 15 za udongo uliochekechwa. Koroga kilo 2 za samadi mbichi ya ng'ombe katika lita 10 za maji, mimina, halafu ongeza maji mpaka yafike kina cha sentimita 10. Tia mbegu ya azola, nusu kilo hadi kilo moja. Zungushia uzio, maana kuku wakiingia watachakura na kutoboa nailoni.

Baada ya wiki mbili hivi shimo litakuwa limefunikwa kijani kibichi. Sasa vuna kiasi cha nusu kilo kila siku, uioshe kwa maji safi ndipo ulishe. Usipovuna itajazana, ya chini itaoza na maji yatanuka. Kila baada ya siku tano ongeza samadi kidogo. Ukiona majani yamekuwa mekundu, ujue jua ni kali mno au fosforasi imepungua. Ongeza kivuli, na utie kijiko kimoja cha mbolea ya TSP.

Sasa utaniuliza: kwa nini nichimbe shimo, na mto upo karibu? Hapo, ndugu yangu, nisikilize vizuri. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilionekana Ziwa Victoria. Katika miaka ya 1990 mitumbwi ilikwama, nyavu zikanasa, na bandari zikazibwa. Azola nayo huongezeka upesi. Shimoni ni mali, mtoni yaweza kuwa balaa.

Basi, usiitupe mtoni wala ziwani. Chagua mbegu kwa mkono na kutoa kila jani la mmea mwingine. Ukibadilisha maji, yamwage kwenye bustani ya mboga, mbali na kijito. Ni mbolea nzuri. Azola iliyozidi itie kwenye shimo la mboji.

Anza na shimo moja. Likikuzoea, ongeza la pili.