Mwanasayansi wa Kwale Anaajiriwa na Nani?

Kaunti ya Kwale haina makao makuu ya chuo kikuu chochote cha umma. Kijana wa Msambweni anayetaka shahada ya sayansi ya bahari huvuka kivuko cha Likoni kwenda Mombasa, ama hupitiliza hadi Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Lakini ukishika barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga, utakuta sayansi inafanyika kila mahali: mikoko inapimwa Gazi, malaria na kichocho vinachunguzwa Msambweni, wadudu wanafuatiliwa Muhaka, na ufugaji wa viumbe wa bahari unajaribiwa Shimoni. Hadi mwisho wa 2024 palikuwa na mgodi mkubwa pia. Wengi wanaofanya kazi hizi wamesoma sayansi, na wengi wao hawajawahi kusimama mbele ya darasa la chuo kikuu.

Nyumbani, hata hivyo, mhitimu wa sayansi huonyeshwa njia moja tu: shahada ya kwanza, uzamili, uzamifu, kisha uhadhiri. Njia hiyo ina heshima yake, ila ni nyembamba. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 iliweka uzamifu kuwa sharti la cheo cha mhadhiri, na bado shahada hiyo haimhakikishii mtu nafasi ya kudumu. Wako wenye uzamifu wanaofundisha kwa malipo ya somo moja moja, muhula hadi muhula.

Ninalotaka kulieleza hapa ni kwamba mwajiri wa mwanasayansi ni yule mwenye swali asiloweza kulikwepa. Huenda swali limeletwa na ugonjwa, na sheria, na mnunuzi wa ng'ambo au na kisima kilichoharibika. Anayejua swali ni la nani, na litadumu kwa muda gani, anaweza kupanga maisha yake ya kazi vizuri kuliko anayesubiri tangazo la ajira gazetini.

Gazi: swali lililosubiri mnunuzi

Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Sehemu nyingine hazikuota tena zenyewe. Mapema miaka ya 1990, Dkt. James Kairo wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) alianza kazi ya kuupanda upya msitu huo na kuuchunguza unavyokua. Maswali ya namna hiyo hulipiwa na serikali na ruzuku za utafiti, kwa sababu yanapoulizwa hakuna mfanyabiashara aliye tayari kununua jibu.

Baada ya miongo miwili hivi mnunuzi akapatikana. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianza kuuza kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 chini ya kiwango cha kimataifa cha Plan Vivo. Hesabu yake ni takriban tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka, na mapato yamesaidia maji na shule za vijiji hivyo. Mwaka 2017 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakafuata na mradi wao wenye hekta zaidi ya 400.

Tazama kazi zilizozaliwa hapo. Mnunuzi aliye Ulaya hauoni mkoko wenyewe, uwe mkandaa au mchu. Yeye ananunua kipimo. Kwa hiyo lazima mtu aingie topeni maji yakipwa, apime kipenyo cha mashina katika viwanja vya mfano, na akadirie uzito wa mti kwa mlinganyo uliothibitishwa. Lazima pia achukue sampuli za udongo, maana kaboni nyingi ya mikoko imo ndani ya tope, si kwenye matawi. Mwingine husoma picha za setilaiti kuona kama msitu umepungua. Mwingine huandika ripoti, na wa nne, asiyefungamana na mradi, huikagua. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2023 yameongeza mahitaji hayo: mradi wa kaboni wa ardhini hutakiwa kuipa jamii si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka baada ya gharama. Mzee wa kijiji anayetaka kujua kama kapewa haki yake anahitaji mtu wa upande wake anayeielewa hesabu ya tani.

Msambweni: watu wengi nyuma ya jibu moja

Utafiti wa afya nao umeajiri watu wa Kwale kwa muda mrefu. Kichocho cha mkojo, kinachoenezwa na konokono wa maji baridi, kimewaleta watafiti Msambweni kwa miongo kadhaa. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) pamoja na Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani wamekuwa wakifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa kaya za Kwale mwaka baada ya mwaka.

Mfano wa karibuni ni jaribio la dawa ya ivamektini lililoanza 2023 chini ya mradi wa BOHEMIA. Wazo lenyewe ni rahisi: mtu akimeza dawa hiyo, mbu anayemuuma hufa. Watu walipewa dozi mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na wa maeneo mengine wakapewa albendazoli ili pawe na kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa Julai 2025 yalionyesha kuwa maambukizi mapya ya malaria kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26, hata pale ambapo watu tayari walikuwa wanalala ndani ya vyandarua.

Msomaji wa habari huona majina ya maprofesa. Ndani ya jaribio kama hilo, hata hivyo, huwa kuna mfamasia anayehifadhi dawa, mtaalamu wa wadudu anayenasa mbu usiku, mpimaji wa maabara, meneja wa data anayekamata makosa kabla hayajazoeleka, mwangalizi anayehakikisha kila aliyetia sahihi alielewa alichokubali, na afisa uhusiano wa jamii anayekaa barazani kujibu uvumi. Uzamifu hauhitajiki kwa nyingi ya kazi hizo. Kinachohitajika ni stashahada au shahada nzuri, cheti cha kanuni za majaribio ya tiba, na uaminifu wa kuandika kile kilichotokea, si kile bosi alichotarajia. Hapa mwenyeji ana mtaji ambao mgeni hawezi kuupata darasani. Fomu ya ridhaa ikielezwa kwa Kidigo au Kiduruma na mtu anayejua maswali ya mama mwenye nyumba, jibu litakalotoka humo ni la kutegemewa.

Ubaya wake ni kwamba jaribio lina mwisho. Mikataba hufuata ruzuku, nayo ruzuku yaweza kukatika ghafla. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya nchini Kenya ilikwama na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Anayefanya kazi za miradi yapasa amalize kila mkataba akiwa na kitu cha kubeba: cheti kipya, ustadi wa programu ya takwimu, au jina lake katika chapisho. Bila hivyo, mtu atakusanya data miaka kumi na bado ataitwa mkusanya data.

Mgodi uliofungwa, sheria iliyobaki

Meli ya kwanza ya madini ya Kwale iliondoka Likoni mwanzoni mwa 2014. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wenye ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na kuutenganisha ilikuwa fizikia tupu. Maji na uzani wa punje vilitenga mchanga mwepesi na mzito. Sumaku ikavuta ilmenaiti. Umeme ukatenga rutaili, inayoupitisha, na zirkoni, isiyoupitisha. Desemba 2024, madini yaliyofaa kuchimbwa yalipokwisha, uchimbaji ulifikia kikomo.

Ujuzi wa mgodini haukuzikwa pamoja na mashimo. Aliyezoea kuchanganua mchanga kwa mashine ya eksirei anaweza kuchanganua saruji, maji au mbolea. Mtaalamu wa mimea aliyeotesha miche ya asili kwa ajili ya kurudishia ardhi iliyochimbwa anahitajika popote pale sheria inapomtaka mchimbaji arekebishe alichoharibu. Na Mlima Mrima, wenye niobiamu na madini adimu chini ya msitu, bado ni swali wazi litakalohitaji wanajiolojia na wanaikolojia wakae meza moja.

Mwajiri huyu wa tatu, yaani sheria, husahaulika sana. Chini ya Sheria ya Mazingira ya 1999 na kanuni zake za 2003, miradi mikubwa hufanyiwa tathmini ya athari kabla ya kuanza, na ukaguzi wa mazingira baada ya hapo. Kanuni za ubora wa maji zinamtaka anayemwaga majitaka awe na leseni na ayapime. Hoteli ya ufukwe wa Diani haijioni kuwa taasisi ya sayansi, lakini inahitaji mtu wa kupima majitaka yake na mtaalamu aliyesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) wa kutia sahihi ripoti. Ruzuku ikikauka, sheria ingali palepale. Kwa anayetaka kuishi Ukunda na familia yake bila kuhamahama, usajili huo waweza kumfaa kuliko shahada ya tatu.

Waliofungua milango yao wenyewe

Wapo pia wanasayansi walioona swali, wakakosa taasisi ya kulijibu, wakaiunda. Thomas Odhiambo, mtaalamu wa wadudu, alianzisha kituo cha icipe jijini Nairobi mwaka 1970 ili utafiti wa wadudu wa Afrika uongozwe kutoka Afrika. Mombasa kuna CORDIO Afrika Mashariki, shirika la utafiti wa matumbawe lililoanzishwa na Dkt. David Obura. Mwaka 2023 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa IPBES, jopo la serikali za dunia kuhusu bioanuwai, akitokea katika shirika la pwani, si katika idara ya chuo kikuu mashuhuri cha ng'ambo.

Zanzibar, Dkt. Flower Msuya alikuwa mtafiti wa mwani katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 alianzisha umoja wa wakulima, watafiti na wafanyabiashara wa mwani. Maji yalipopata joto na mwani wa thamani kubwa ukawa unakufa karibu na ufuo, akafanyia majaribio nyavu za bomba zinazowezesha kilimo kwenye maji yenye kina, na akasaidia akina mama kutengeneza sabuni badala ya kuuza mwani mkavu pekee. Wanawake wa Kibuyuni, karibu na Shimoni, wanalima mwani uleule na wana shida zilezile.

Kwale yenyewe ina historia ya visima. Katika miaka ya 1980 eneo hili lilikuwa uwanja wa majaribio uliosaidia kuunda pampu ya mkono ya Afridev, inayotumika sasa katika nchi nyingi za Afrika. Miaka ya 2010 watafiti wa Oxford wakafunga vihisio kwenye mikono ya pampu ili zitoe habari zenyewe zikiharibika, na kutokana na kazi hiyo kukatokea kampuni ya FundiFix, inayotengeneza pampu za vijiji kwa mkataba. Utafiti uligeuka huduma yenye mafundi na wateja.

Je, uzamifu unafaa lini?

Unafaa ukitaka kuongoza utafiti wako mwenyewe, kuomba ruzuku kwa jina lako, au kufundisha chuo kikuu. Kwa hayo hauna mbadala. Ukiuchukua, tafuta mpango unaokuweka karibu na tatizo lenyewe. Icipe, kwa mfano, imekuwa na mpango wa uzamifu wa kanda tangu 1983, ambapo mwanafunzi husajiliwa chuo kikuu cha Afrika huku akifanya utafiti wake kituoni. Haufai ukichukuliwa kama chumba cha kusubiria kazi. Miaka minne au mitano ya kusubiri hugharimu sawa na miaka ya kujenga jina mahali pengine.

Kwa vyovyote vile, yapo mambo manne yanayobebeka kutoka kwa mwajiri mmoja hadi mwingine. La kwanza ni takwimu, kwa kuwa mikoko, mbu na majitaka vyote huishia kuwa jedwali. La pili ni usajili wa kitaaluma: wa maabara, wa mazingira au wa jiolojia. La tatu ni kuandika ripoti ambayo mtu asiye mwanasayansi ataisoma na kuifanyia uamuzi. La nne ni kumbukumbu safi za kazi ulizofanya, vipimo ulivyochukua na mashine ulizoziendesha. Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu; anayezunguka na hayo manne ana nafasi nzuri ya kurudi na kitoweo.

Basi kabla ya kujaza fomu ya masomo mengine, andika majina ya watu watatu au taasisi tatu za Kwale zenye swali ambalo elimu yako inaweza kulijibu. Mbele ya kila jina andika nani analipa, na malipo hayo yanatoka kwenye ruzuku, sheria au biashara. Usipoweza kujaza orodha hiyo, nenda ukajitolee muhula mmoja Gazi, Shimoni au kwenye maabara ya hospitali ya Msambweni, kisha uijaribu upya. Ukiweza kuijaza, umeshapata watu wa kuwapelekea barua yako ya maombi.